Mwaka Nilioyaua Mamumunye ya Kisumu

Jito alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa kwenye kishamba changu nautukana mplamu. Ilikuwa katikati ya Februari, na mplamu ulikuwa umeshafungua maua yote, meupe mpaka kwenye ncha za matawi, utafikiri kuna aliyeuambia harusi ni leo. Nyuki hakuna hata mmoja. Nilijua kitakachofuata kwa sababu mwaka jana ilikuwa hivyo na mwaka juzi vilevile: maua yatakaa wiki mbili yakingoja wageni ambao bado wamelala, halafu jalidi, ule umande ulioganda, itashuka usiku mmoja tu, na mwezi wa nane nitachuma plamu za kujaza kofia. "Auntie," Jito akasema, kisha akaendelea kwa Kiingereza kama kawaida yake. Kiswahili anakisikia chote, lakini ulimi wake ulizaliwa Birmingham. Mama yake amefariki. Alilala mchana baada ya chai na hakuamka. Nikageuza ndoo nikaikalia. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, na sikulia, kwa sababu kilichonijia kwanza hakikuwa kilio. Ilikuwa aibu, na aibu ile ina umri wa karibu miaka arobaini.

Watu wakieleza maisha yao huanza na babu. Mimi babu namwacha apumzike. Nilisoma mpaka darasa la nne, duka la Coventry Road nimelisimamisha kwa mikono hii, na karibu kila ninachokijua nilikijua kwa kukifanya vibaya kwanza. Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule nilipokuwa na miaka ishirini na sita, nimepanga chumba cha juu nyumbani kwa Mama Jito, kule Lozells. Mama Jito alikuwa Singasinga wa Kisumu, mnene kidogo, mwenye kucheka kwa mabega. Mumewe, Baba Jito, alikuwa fundi magari mpaka mapafu yalipomshinda. Chumba changu kilikuwa na kitanda, ndoano tatu ukutani, na dirisha linalotazama kiwanda cha kufulia mashuka, ng'ambo ya barabara. Humo ndimo nilimofanya kazi. Nilikuwa nashuka ngazi, navuka barabara hatua thelathini, naingia kwenye joto. Siku nzima tulipiga pasi mashuka ya mahoteli kwenye mashine kubwa za rola, na mvuke wetu ulitoka nje kwa bomba pana lililotoboa ukuta. Hatua mbili kutoka kwenye bomba hilo ulisimama mcheri, ule wa mapambo usiozaa kitu, na taa ya barabarani imeingia katikati ya matawi yake kama jicho la mtu mwenye usingizi mbaya. Nilikuwa nauona mti ule asubuhi na jioni. Sikuwahi kuliona bomba.

Chakula tulikula jikoni, wote pamoja, kwa sababu chumba cha mbele kilikuwa baridi na ni cha wageni wa heshima. Wa heshima maana yake Kirpal, mdogo wake Baba Jito, aliyekuwa na nusu ya nyumba ile. Kirpal hakunitaka tangu siku ya kwanza. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia shemeji yake, kwa Kiswahili cha makusudi ili nisikie huko ngazini: "Nyumba ya baba yetu sasa iko lojing'i? Kesho utaweka mbuzi." Mama Jito akamjibu, "Mbuzi hailipi kodi. Kunywa chai yako." Naye akanywa. Siku zile alikuwa anakunywa. Alikuwa anakuja kila Jumapili, anakula mpaka anafungua kifungo, anasifia dengu, anabeba nyingine kwenye bakuli.

Sasa mamumunye. Mbegu yake, baba yao Baba Jito na Kirpal aliitoa kwao Punjab akaipanda Kisumu, na Baba Jito akaitoa Kisumu akaileta Birmingham ndani ya kikunjo cha kilemba. Kila mwaka tunda moja zuri kuliko yote liliachwa kwenye mtambaa mpaka likawa gumu kama ubao, likaning'inizwa juu ya boila, lile tangi la maji ya moto, mpaka mbegu zilie ndani ukilitikisa. Baba Jito mwenyewe ndiye aliyelipasua. Na tunda la kwanza la kila kiangazi lilipikwa Jumapili, ndugu wawili wakala kwenye sahani moja, kama walivyokula na baba yao. Kabla ya hapo hakuna aliyeligusa. Lakini kiangazi kilichotangulia kilikuwa cha mvua tupu, matunda yakaoza yakiwa madogo, halikubaki hata moja la kukausha. Zilikuwepo mbegu tisa za mwaka wa nyuma yake, kwenye kikopo cha dawa ya kikohozi. Mwezi wa pili Baba Jito akalazwa hospitali, kule upande wa Harborne, mabasi mawili kutoka kwetu. Kabla hajaondoka alisimama mlangoni amevaa koti juu ya pajama, akasema zipandwe zote tisa. "Nikirudi nikute imepanda juu," alisema. Hakuna aliyemwambia kwamba huenda asirudi.

Mama Jito akaziotesha kwenye vikopo vya maziwa ya mgando, juu ya dirisha la jikoni. Zikaota zote tisa. Yeye akawa anashinda hospitalini na mimi nikaachiwa jikoni, mtoto Jito wa miaka sita, na miche. "Wewe, Hadija, kuja hapa," aliniambia, kidole kimenyooka. "Hii maji kidogo, kila siku. Hapana peleka shamba. Mpaka mimi nasema."

"Mama Jito, mimi nimezaliwa shambani. Jembe nimelishika kabla ya kijiko."

"Jembe ya Tanganyika. Hapa baridi iko mwongo. Inajificha, wewe natoa sweta, inarudi."

"Kwani mimi mtoto?"

"Wewe iko mkubwa. Kwa hiyo mimi nasema mara moja tu." Akacheka kwa mabega, akachukua chupa ya chai ya mumewe, akatoka kukimbilia basi.

Kwetu Kondoa hatukuwa na kalenda ukutani. Migunga ilikuwa inatoa majani mapya wakati ardhi bado imekauka kama kigae, mawingu hayaonekani, na wazee wakishaona ule ukijani wanatoa mbegu kwenye vihenge. Mti umesikia mvua ikiwa bado njiani, ndivyo tulivyofundishwa, na mti haukuwahi kutudanganya. Aliyechelewa kuusikiliza alivuna mabua. Basi mwezi wa tatu ule, nikiwa navuka barabara kwenda kazini, nikaona mcheri umevimba macho. Wiki iliyofuata umefungua maua, na nyuma ya maua majani madogo ya rangi ya shaba. Jua likawaka siku tano mfululizo. Watu wakatoka mikono wazi, mwanamume mmoja wa kiwandani akaja na kaptula. Nikarudi jikoni nikaitazama ile miche: imerefuka, imepauka, inakandamiza vioo kama watu wanaotaka kutoka kwenye moto. Nikajisemea, huyu mama wa mjini anaogopa bure. Mti umeshasema. Nilitaka sana kuwa mtu anayejua kitu. Mchana kutwa nilikuwa mtu wa kuelekezwa: weka hapa, toa pale, kunja hivi, na sikujua kusoma tangazo la Kiingereza la ukutani. Lakini mti niliweza kuusoma, na msimamizi wangu hakuweza.

Siku yangu ya mapumziko niliipanga miche yote tisa kwenye beseni, nikamshika Jito mkono, tukapanda basi. Kishamba chao cha manispaa kilikuwa mbali, ukingoni mwa mji, bondeni karibu na mto mdogo. Nilipofungua lango niliona ua wa miba uliozunguka vishamba vyote bado ni fito nyeusi. Hakuna jani. Mti wa jirani nao mtupu. Nilisimama nikauangalia ule ua, na hili nalikumbuka vizuri kuliko jina la msimamizi wangu, nikasema kwa sauti, "Miti ya huku ni mivivu." Jito akacheka. Nikalima, nikapanda nje, mstari mmoja, kwa sababu kibanda cha vioo walichokijenga pale kukinga miche na baridi nilikiona kama kitu cha watu wasioamini udongo. Nikaijengea chanja ya fito. Nikarudi nyumbani na matope mpaka magotini, najisikia mtu.

Siku kumi ilisimama. Mama Jito aliporudi na kukuta dirisha tupu alikuwa amechoka hata kugombana hawezi, nilimwambia nimeihamishia kibandani ipate mwanga, naye akaniangalia, akasema, "Kibandani kwa vioo?" Nikasema ndiyo. Huo ndio uongo wangu wa kwanza. Halafu ikaja asubuhi moja ya mwezi wa nne, nimefungua pazia naona mcheri wangu unang'aa uko salama, lakini magari yote yana ngozi nyeupe. Sikwenda kazini. Nilipofika bondeni nyasi zilikuwa zinavunjika chini ya viatu. Miche ilikuwa imelala. Jua lilikuwa limeanza kuigusa na majani yalikuwa meusi, laini, yamelowa, kama mchicha uliosahauliwa kwenye sufuria. Niligusa mmoja ukanibakia mkononi. Yote tisa. Nilichimbua mizizi kwa vidole kutafuta hata mmoja ulio hai, na nikabaki nimechuchumaa pale, mwanamke mzima, ninaipulizia miche pumzi yangu.

Kirpal alikuwa jikoni niliporudi, na Mama Jito ametoka hospitalini muda huohuo, koti bado mwilini. Beseni nilikuwa nalo mkononi, na ndani yake yale mabaki. Sijui kwa nini niliyabeba. Kirpal akaangalia beseni. Hakupandisha sauti. "Hii ni nini?" akauliza. "Hii ni ya baba?" Nikafungua mdomo. Nilijua nikisema, usiku ule sina pa kulala. Alikuwa anatafuta sababu tangu nilipoingia. Ndipo Mama Jito, bila kuniangalia, akaanza kuvua koti na kusema, "Mimi nilimwambia peleka. Jikoni ilikuwa chafu, mimi nimechoka."

"Wewe ulimwambia?"

"Mimi. Yeye ni mtoto wa watu, anafanya kazi nayoambiwa."

Kirpal akaweka kikombe chini. Kilikuwa na chai nusu. Akasema neno moja kwa Kipunjabi, sikulielewa na sijaliuliza mpaka leo, akatoka. Mimi nikasimama na beseni langu. Nilingoja Mama Jito anigeukie anipige, anitukane, aseme chochote ili na mimi niseme. Alichukua beseni, akaenda kulimwaga kwenye pipa la nyuma, akalisuuza, akarudi akaanza kumenya vitunguu. "Osha mikono," akasema. "Jito hajakula."

Baba Jito hakuambiwa. Tulikwenda wote watatu kumwona, amekuwa mdogo kwenye kile kitanda, akauliza, "Imepanda?" na mkewe akasema imepanda, imeshika chanja. Alinitazama mimi, mtu wa shamba, nithibitishe. Nikasema imepanda, baba, ina maua meupe. Alifumba macho akatabasamu. Alifariki mwezi wa saba, wakati ambao tungekuwa tunakata la kwanza.

Siku nilipoelewa nilikuwa nje ya kiwanda nikingoja zamu, nimejiegemeza kwenye ule mti. Ilikuwa baridi, mwezi wa kumi na moja, miti yote ya barabara ile imekwisha pukutika, na huu wangu bado una majani upande wa taa. Mashine zikawashwa ndani. Mvuke ukanijia usoni, wa moto, wenye harufu ya sabuni. Nikaweka kiganja kwenye gome. Lilikuwa la uvuguvugu kama ubavu wa ng'ombe. Nikasimama pale najiona mjinga kuliko wajinga wote waliowahi kuvuka bahari. Mti haukuwa umesikia kitu chochote njiani. Ulikuwa umechemshwa, na waliouchemsha ni sisi, mimi mmojawapo, kwa shuka baada ya shuka, na usiku taa ikauzuia usijue kama kumekucha au hakujakucha. Nilimsimulia Mama Jito jioni ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaanza kutikisika mabega, mara ya kwanza tangu msiba. "Umepika mti, Hadija," akasema. "Umepika mti, halafu umeuliza mti saa ngapi." Alicheka mpaka akafuta macho kwa mtandio, na mimi nikacheka naye, na nilipoona kwamba anafuta bila kuacha nikanyamaza.

Kiwanda kile kilivunjwa zamani, pana fleti pale sasa, na mcheri ulikatwa kupisha magari. Lakini nikikaa dukani naiona hadithi yangu imetoka Lozells imeenea dunia. Kijana mmoja wa chuo kikuu alikuja mwaka juzi kwenye vishamba vyetu na daftari, anauliza wazee ni lini walikuwa wanaona jani la kwanza na ni lini wanaliona siku hizi. Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza bibi, kwamba matofali na lami hunywa joto mchana na kulitapika usiku, kwamba miti ya mjini huamka kabla ya ndugu zake wa mashambani, na kwamba siku hizi hata wale wa mashambani wanaamshwa mapema kwa sababu kipupwe chenyewe kimelegea. Nikamwambia mwanangu, hayo nilifundishwa na mamumunye tisa kabla mama yako hajaolewa. Akacheka akaandika. Hakuandika kwamba ule ua wa miba kule bondeni, niliouita mvivu, sasa nao una majani mwezi uleule ambao zamani niliuona mweusi. Kwamba leo ningesimama pale kwenye lango nisiwe na hata fito moja ya kunipinga. Wala jalidi haikuacha kuja. Imekuwa kama mgeni anayejua mlango haufungwi tena. Nyumbani Kondoa dada zangu wananiambia kwa simu kwamba migunga inatoa majani na mvua haiji, au inakuja na kuondoka na udongo, na wazee waliokuwa wanaisikiliza wamebaki wanatazamana.

Mimi na Mama Jito hatukuachana. Nilihama nilipofungua duka, lakini kila Jumapili nilikwenda Lozells kula. Kila machipuko alinipigia simu: "Kwako imefungua? Wewe usiamini." Na Kirpal nilikuwa namkuta pale Jumapili nyingi, amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, amekuja kumjulia hali mke wa marehemu kaka yake kama inavyopasa. Aliuliza habari za mtoto, habari za bomba, habari za paa. Chai ikiletwa aliifunika kwa kiganja. Nilikuwa naona. Nilijiambia ni mambo yao ya kiukoo, mimi Mwislamu wa Kondoa yananihusu nini. Mtu akitaka kutojua jambo, hata likae mbele yake kwenye kiti, atapita pembeni.

Baada ya kuchomwa maiti tulikwenda gurudwara, hekalu lao, tukakaa chini kwenye mikeka mirefu kama desturi yao, chakula kinagawiwa kwa ndoo. Goti langu likanisumbua, Jito akaniweka ukutani, na ukutani pale alikuwepo Kirpal. Amekuwa mzee sana, kilemba kimemzidi kichwa. Alinitambua. Akaacha Kipunjabi akaja kwenye Kiswahili chetu, na nikaona anafurahi kukitumia, hana tena wa kuongea naye.

"Shemeji yangu alikuwa mama mzuri," alisema. "Mzuri kabisa. Kitu moja tu." Akatikisa kichwa. "Mbegu ya baba. Haraka yake tu, kwa sababu jikoni chafu."

Watu walikuwa wanapita na ndoo za dengu. Ningeweza kusema Mungu amrehemu, nikala, nikaenda zangu. Karibu miaka arobaini nilifanya hivyohivyo. Nikaweka kijiko chini.

"Siyo yeye," nikasema. "Alinikataza kwa mdomo wake. Nilizitoa mimi. Alikudanganya ili usinifukuze."

"Sema tena."

Nikasema tena, na safari hii nikaongeza na uongo wa kibanda cha vioo, na maua meupe niliyomwambia kaka yake.

"Ningekufukuza," alisema baadaye.

"Najua."

"Siku hiyohiyo."

"Najua, baba."

Chapati ilikuwa mkononi mwake, ameikata kipande hajakipeleka mdomoni. Nilingoja anitukane, nilikuwa na haki ya kutukanwa na nilikuwa na hamu nayo. Alikuwa anatazama ndoo zikienda.

"Mimi sikula kwake tena," alisema. "Hata maji. Nilikaa kwa mlango kama mtu ya posta." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia bei ya kitu ambacho hana uwezo nacho: "Jumapili alikuwa napika nini?"

Nikamwambia. Dengu nyeusi, ile ya kulaza usiku. Viazi na mbegu za haradali. Wali wa njegere siku Jito akiwepo. Achari ya ndimu aliyoitia mwenyewe.

"Chumvi?" akauliza. "Yule mama alikuwa naweka chumvi mingi sana. Kaka yangu alikuwa nalalamika."

"Aliacha," nikasema. "Aliposikia una presha aliacha chumvi, chakula chote kikawa maji, sisi tukawa tunajiongezea wenyewe mezani. Nilimgombeza. Alisema, labda leo Kirpal atakula."